Fundo Huachwa Nchi Kavu

Kiti cha mtoto kilipofika nyumbani kwetu Kibiti, majirani walikuja kukitazama kama watu wanaokuja kumwona bibi harusi. Mume wangu alikinunua Dar es Salaam, mtumba, cha rangi ya kijivu, chenye mikanda miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja unaopita katikati ya mapaja, yote ikikutana kwenye kifungo chenye kitufe chekundu. Jirani mmoja akauliza kama mtoto wetu amechaguliwa kuwa diwani. Nilicheka naye, maana swali kama hilo nami nilikuwa nimemuuliza mume wangu kwa simu jana yake, tena kwa ukali zaidi.

Mume wangu anafundisha fizikia sekondari, na mwalimu wa fizikia ana ugonjwa wa kueleza. Alinieleza kwamba ukimpakata mtoto na gari likasimama ghafla, mikono yako haina kazi tena. Mtoto anageuka mzigo, na mzigo una safari yake. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, mambo ya vitabu huniingia polepole, lakini mizigo naijua. Nimeshaona mfuko wa saruji ukiteleza kutoka juu ya lori, na kijana mwenye mikono kama magogo akinyoosha mikono kuudaka, kisha akairudisha upesi kifuani. Basi nikakubali. Mtoto wetu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka miwili, alilia siku za mwanzo, halafu akakizoea kiti hata akawa hataki mtu akiguse. "Changu," alisema, akikipiga kofi.

Kilichobaki kilikuwa ni mama yangu.

Mama anaishi Mbwera, kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, na mimi ni mzaliwa wa huko. Kwetu gari halina pa kupita. Ukienda shambani kwenye mpunga unapanda mtumbwi, ukienda msibani unapanda mtumbwi, na ukiwa na fedha kidogo unapanda boti ya mashine. Mama alishapanda basi mara chache, akifuata hospitali, na hakulipenda. Alisema gari linakupeleka tu bila kukuuliza.

Jambo moja la kwetu sharti nilieleze hapa, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Mwanamke wa kwetu akifika ukingoni na mtoto mgongoni, kabla hajatia mguu mtumbwini hufungua mbeleko. Mtoto huletwa mbele, akakaa kati ya magoti, hana kitambaa wala kamba, ameshikwa nguo yake kwa nyuma na mkono mmoja wa mama. Hata ushungi hulegezwa. "Fundo huachwa nchi kavu," wakubwa walituambia, na sisi watoto tulilisema kama tunavyosema bismillahi, hatukuuliza kwa nini. Mama yangu alikuwa mkali kuliko wote. Nimeshamwona akimrudisha mwanamke mgeni kutoka mtumbwini, mtumbwi ukiwa umeshasukumwa, kwa sababu ya fundo moja la kanga begani.

Baada ya mavuno ya mpunga mama alikubali kuja kukaa nasi Kibiti. Nilimhitaji hasa. Binti aliyekuwa akinilelea mtoto alikuwa ameolewa, na dukani mtoto alikuwa anakula misumari. Nilikwenda kumpokea Nyamisati, boti zinakoshusha watu wa visiwani. Niliendesha mimi, mtoto akiwa nyuma kwenye kiti chake. Mama alishuka na mchele, na kikapu cha kaa waliofungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu yuko wapi?"

Mume wake ndiye huyo mjukuu. Ndivyo bibi wanavyowatania wajukuu wa kiume. Alifungua mlango wa nyuma, akamtazama mtoto na mikanda yake, kisha akanigeukia.

"Kaiba nini hata mkamfunga hivi?"

"Hajaiba, mama. Ni mikanda ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Nilimweleza habari ya mfuko wa saruji. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayesifia nchi yake. Kisha akapanda nyuma, akakaa karibu na mtoto, tukaondoka.

Hatukwenda mbali. Kwenye kioo niliona mkono wa mtoto umetolewa kwenye mkanda, halafu mkono wa pili. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikaivuta mikanda ikakaa sawa. Mama akasema mtoto alikuwa anahema. Mbele kidogo mikono iko nje tena. Nikashuka tena, na safari hii hasira ilikuwa imeshanipanda shingoni.

"Mama, akitolewa humo ataumia."

"Nimemshika," alisema, akanionyesha. Kiganja chake kilikuwa kimekamata ukosi wa shati la mtoto kwa nyuma, vidole vimeingia ndani ya kitambaa. "Wewe nilikushika hivi hivi. Umekufa?"

Nilimrudisha mtoto kwenye mikanda, nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tulipotokea Bungu na kuingia lami, mbele yangu kulikuwa na lori, nyuma basi linapiga honi, macho yangu yakawa barabarani tu. Ndipo pikipiki iliyobeba magunia ya mkaa ikakata kutoka kwenye vibanda vya wauza mananasi bila kutazama. Nilikanyaga breki kwa mguu wote.

Mtoto alipita katikati ya viti viwili vya mbele. Nilisikia mdomo wake ukigonga dashibodi kabla sijamwona. Mama alikuwa amemvua mikanda yote, mikono kisha miguu, kama mtu anavyovuliwa suruali, akamsimamisha kati ya magoti yake. Nilipogeuka, mama alikuwa bado amekaa vilevile, mkono ameunyoosha mbele, na mkononi mwake amebaki na ukosi wa shati.

Wauza mananasi walikuja na maji. Damu ya mdomoni ni nyingi kuliko kidonda chake, sasa nalijua hilo, lakini siku ile sikulijua, na nilidhani mwanangu anakufa mikononi mwangu pale kando ya lami. Mwanamke mmoja alinishika bega akaniambia, "Pole mama. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa nayo," nikamjibu. "Imevuliwa."

Kwenye zahanati walimshona mdomo, wakatuambia jino la mbele limevunjika nusu na kwamba tumshukuru Mungu. Nilimshukuru. Njia nzima hadi Kibiti mtoto alilala kwenye kiti chake, amefungwa.

Mume wangu aliporudi kutoka shuleni aliutazama mdomo wa mtoto, akamtazama mama, akainamisha macho. Mkwe hagombezwi. Alichukua ndoo na kitambaa, akaenda kuosha damu garini, akaosha mpaka mahali pasipo na damu. Mimi adabu ya namna hiyo sikuzaliwa nayo.

"Mama," nilisema, "wewe na mtoto huyu hamtakaa tena pamoja ndani ya gari."

"Sawa, mwanangu."

Nilitaka anijibu. Nilitaka tugombane, aniambie nimekuwa mtu wa barabarani, nimesahau nilikotoka. Badala yake aliomba sindano na uzi, akakaa barazani, akaushona ule ukosi kwenye shati. Alishona kwa mishono midogo sana iliyokaribiana, na alipomaliza akaufumua, akashona upya.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na ukimya usio wa kwetu. Mtoto hakuwa na kinyongo. Alimfuata bibi yake kila aendako na mdomo wake uliovimba, akimwita. Mama hakumpakata. Aliweka mikono ndani ya kanga na kumtazama. Mimi nilikuwa naogopa. Kutoka nyumbani hadi dukani ni gari, hadi kliniki ni gari. Kama sikuweza kumwacha mtoto na mama garini, basi sikuweza kumwacha naye popote, na nilianza kufikiri namna ya kumwambia arudi Mbwera. Nadhani naye alikuwa anatafuta namna ya kuniambia hivyo hivyo.

Kisha tukapata habari kuwa mama mkubwa, dada yake mama, anaumwa Mohoro. Mume wangu akasema atatupeleka Jumamosi. Nilipanga viti kichwani kama ninavyopanga bidhaa dukani: mama mbele na mkwewe, mimi nyuma na mtoto. Nilimwambia mama hivyo, akasema sawa tena. Nilianza kulichukia neno hilo.

Ijumaa baada ya swala nilirudi nyumbani mapema. Mtoto alikuwa amelala ndani. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, na nilimwona mama humo, ameinama, kanga imemwanguka begani. Nilisogea. Kwenye kiti cha mtoto alikuwa ameketisha mfuko mdogo wa mchele, ule aliokuja nao, ameuvisha shati la mtoto lenye ukosi ulioshonwa. Mfuko ulikuwa umefungwa mikanda yote vizuri, sawasawa, kama nifungavyo mimi. Na mama alikuwa anakibonyeza kitufe chekundu kwa vidole gumba vyote viwili, jasho linamtiririka.

"Hakifunguki," alisema bila kugeuka. Alijua ni mimi. "Nimehangaika nacho hakifunguki. Na siku ile nilikijaribu, hakikufunguka. Ndipo nikamvua."

"Mama, kimetengenezwa kigumu ili mtoto asikifungue mwenyewe."

"Na mtu mzima je? Gari likiingia majini?"

Nilitaka kucheka. Kutoka Nyamisati hadi Bungu na Bungu hadi Kibiti, maji aliyoyaona mama yalikuwa ya madimbwi. Lakini alikuwa amegeuka, na uso wake ulinizuia.

"Mie nilizaa kabla yako," alisema.

"Najua, mama. Dada. Alikufa kwa homa."

"Hakufa kwa homa."

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Mama alisimulia akiutazama ule mfuko wa mchele, mkono wake ukiwa juu ya shati.

"Nilikuwa mwali tu wakati huo, sina muda kwenye nyumba ya baba yako. Tunavuka kwenda shambani, maji yanakupwa. Mwanangu kalala mgongoni. Mama mkwe akaniambia, fungua mbeleko. Nikamwambia, kalala, tunavuka hapo tu. Nilimhurumia kumwamsha." Aliuvuta ukosi wa lile shati ukakaa sawa. "Mtumbwi ukapanda kisiki cha mkoko, ukapinduka. Wanaume wa mtumbwi wa nyuma wakaja upesi, Mungu awalipe. Wakanishika kidevu, wakaniinua uso nivute pumzi. Wakanilaza chali juu ya maji, wakanivuta mpaka ukingoni. Mie napiga kelele, wao wanadhani naogopa kufa. Wananiambia, tulia, tulia, tumekushika."

Sikuelewa upesi. Nilielewa alipogeuza mkono wake, akajigusa mgongoni.

"Walipoona, fundo lilikuwa limeshalowa," alisema. "Fundo likilowa halifunguki."

Wakubwa husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka yote hiyo mimi niliuona ung'ongo tu. Nilimwona mwanamke mkali anayewarudisha wenzake ukingoni, anayetushika ukosi mpaka tunakabwa, na sikuwahi kuonyeshwa nyoka. Nililia pale kizingitini, kwa ajili ya dada yangu ambaye nilikuwa nimempa homa maisha yangu yote, na kwa ajili ya mama, ambaye mbeleko ilimwulia mtoto na sasa mkono nao umemwangusha mjukuu. Amfunge, amwache, kote amekwishapatwa.

Hakulia yeye. Alisubiri nimalize, kama mtu anavyosubiri mvua ipungue, kisha akasema, "Nifundishe kukifungua. Nikijua kukifungua, mfungeni."

Basi nikamfundisha. Si vidole viwili, mama, ni kimoja, na si kwa kusukuma juu. Mkono huu unaisukuma mikanda ndani kidogo, hivi, kidole gumba kinashuka katikati, hapa. Mara ya kwanza hakikumtii. Mara ya pili mikanda ikaruka ikaachia, na mama akaitazama kama mtu aliyeona kuku akiongea. Akafunga tena, akafungua. Akafunga, akafungua. Halafu akajifunika uso mzima kwa kanga.

"Unafanya nini, mama?"

"Majini huoni."

Tulikaa humo mpaka alasiri ikaingia. Alifungua kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, akiwa ameinama, akiwa ameegemea mlango, uso umefunikwa. Mfuko wa mchele ulichoka kabla yake; ulipasuka upande, mchele ukamwagika chini ya gari, kuku wa jirani wakaja bila kuitwa. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Nyamisati. Alisema mume wake wa bandia ametumbuka.

Asubuhi ya Jumamosi mama alipanda nyuma, upande wa mtoto, na mume wangu akanitazama mimi. Nikamwambia mwache. Nilikaa mbele. Mama alimfunga mtoto mwenyewe, mkanda kwa mkanda, akapitisha kidole chake kati ya mkanda na kifua kuona kama umekaza kiasi.

"Changu," mtoto akamwambia, akipiga kofi kiti.

"Chako, mume wangu. Nani kakukatalia."

Tulipita Ikwiriri. Sikuondoa macho kwenye kioo kidogo cha juu. Mume wangu alikuwa amekigeuza kidogo upande wangu bila kusema kitu. Mikono ya mtoto ilikuwa ndani ya mikanda. Mama alitazama nje, mashamba, wauza samaki wa kukausha. Nilikuwa nimesahau kabisa kilichokuwa mbele yetu mpaka nilipoziona kingo za daraja. Kabla ya kufika Mohoro lazima uvuke Mto Rufiji.

"Baba," mama alimwambia mkwewe, "simamisha gari kidogo."

Mume wangu akasimama kando, kabla ya daraja. Mto ulikuwa umejaa, maji mazito ya rangi ya udongo yanakwenda kwa haraka. Mama aliyatazama muda. Ndiyo maji yale yale yanayoteremka kwetu, yakigawanyika katika mito midogo kwenye mikoko. Nilijua anachotaka. Angemfungua, na mume wangu asingesema neno, kwa sababu ni mkwe, nami baada ya yale ya jana sikuwa na mdomo wa kumwambia asifanye. Nyuma yetu lori lilikuja likapita kwa upepo mkubwa, gari letu likatikisika. Niliogopa. Nilijiona tena pale Bungu.

Mama alikibonyeza kitufe. Mikanda ikaachia. Akamtazama mtoto aliyekaa huru, akamshika shavu. Kisha akairudisha mikanda mabegani, akaikutanisha, akaifunga ikalia.

"Haya," alisema. "Twende."

Mume wangu aliendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha. Kwenye kioo niliuona mkono wa mama. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe chekundu, kimelazwa tu, hakibonyezi. Mkono wa pili ulikuwa umekamata ukosi wa shati, ule ulioshonwa mara mbili. Midomo yake ilikuwa inasoma. Hakuyatazama maji hata mara moja. Alimtazama mtoto, na mtoto alikuwa anayatazama maji na kuyapungia. Daraja lile ni refu. Sikuwahi kuujua urefu wake mpaka siku ile.

Tulipofika ng'ambo, matairi yakabadilisha sauti, mama akakiondoa kidole. Alivuta pumzi ndefu.

"Kavuka," alisema. Kisha akasema tena, taratibu, kama anamweleza mtu mwingine aliyekaa naye kule nyuma. "Kavuka na fundo lake."

Mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini mama anasemaje. Nilimwonyesha kwa mkono aendelee kuendesha.